Mashua ya Mbao Iliyowinda Nyambizi

Mtu akiteremka kutoka Utemini hadi ukingoni mwa Ziwa Singidani anaweza kufanya jaribio dogo lisilohitaji chombo chochote cha maabara. Na aingie mahali ambapo maji hufika kiunoni, azamishe kichwa mpaka masikio yafunikwe. Mwenzake, aliyesimama hatua ishirini kutoka hapo, na agonganishe mawe mawili chini ya maji. Aliyezamisha kichwa atasikia mlio mkali, kana kwamba mawe yamegonganishwa kando ya shavu lake. Lakini akiulizwa mlio umetoka upande gani, hatajua. Atasema umetoka pande zote.

Sababu yake ni hii. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa nukta moja ya saa, na sikio lililo karibu na mlio huupata mapema kidogo kuliko la pili. Kwa tofauti hiyo ndogo ubongo hupima upande. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa nukta, yaani zaidi ya mara nne. Tofauti kati ya masikio mawili hupungua kwa kiasi hicho hicho, na ubongo, ambao umezoea hewa, hudanganyika. Maji, basi, ni msambazaji hodari wa sauti, lakini humnyima mwanadamu habari aitakayo zaidi: mlio umetoka wapi?

Swali hilo ndilo lililozaa chombo tutakachokieleza katika makala haya. Ni mashua ya mbao, yenye urefu wa mita 22 tu, iliyoundwa kwa ajili ya kulinda bandari dhidi ya nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji.

Huenda msomaji wa Singida, aliye zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari na mwendo wa takriban kilometa 700 kutoka Dar es Salaam, akauliza nyambizi zinamhusu nini. Zilituhusu. Mwezi Aprili, 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon wakati huo, kundi kubwa la manowari za Kiingereza lilirudi nyuma likahamishia makao yake Kilindini, Mombasa. Wajapani wakatuma nyambizi kuzitafuta. Moja kati ya hizo, I-30, ilibeba ndege ndogo iliyokunjwa mbawa, na tarehe 19 Mei ndege hiyo ilipita juu ya Unguja na Dar es Salaam kupeleleza. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za watu wawili wawili zilishambulia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Bukini, zikaijeruhi manowari kubwa ya Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta iliyoitwa British Loyalty. Katika majuma yaliyofuata nyambizi kubwa zilizozileta ziligeukia mlango-bahari wa Msumbiji na kuzamisha meli za mizigo zaidi ya 20. Bahari ile ile ipitiwayo na majahazi yetu kwenda Ngazija ilikuwa imegeuka makaburi.

Kwa nini mbao?

Mapema mwaka 1939, kabla vita havijaanza, mhandisi W. J. Holt wa Wizara ya Majeshi ya Majini ya Uingereza alichora ramani ya mashua ya ulinzi wa bandari. Katika orodha za jeshi hilo zilijulikana kwa herufi HDML na namba. Ziliundwa zaidi ya 450 kabla vita havijaisha, nyingi kati yake na mafundi wa mashua za starehe, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakiwaundia matajiri vyombo vya kutembelea siku ya Jumapili.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kwanza ya kutumia mbao. Chuma na viwanda vyake vilihitajiwa kwa meli kubwa na vifaru, ilhali mafundi seremala walikuwako tele, na mikono yao haikuwa na kazi nyingine vitani. Wakati huo huo kampuni ya Fairmile ilibuni mashua ndefu zaidi, ya mita 34, ambayo vipande vyake vilikatwa katika karakana za samani na kupelekwa pwani kuunganishwa kama vile mtu aungavyo kitanda. Mashua za aina hiyo ziliundwa pia katika bara letu, kwenye mji wa Knysna, Afrika Kusini.

Sababu ya pili ni ya kifizikia. Meli ya chuma ni sumaku kubwa ielekeayo popote iendapo, na Wajerumani walikuwa wametega chini ya bahari mabomu yaliyolipuka kwa kuhisi sumaku hiyo tu, bila ya kuguswa. Mbao hazina sumaku. Mashua ya mbao haikuwa salama kabisa, maana injini na silaha zake ni chuma, na kwa hiyo ilizungushiwa nyaya za umeme ili kuufifisha usumaku uliobaki. Hata hivyo hatari ilipungua sana.

Ujenzi wenyewe unastahili kutazamwa na kila fundi. Jahazi letu huundwa kwa mbao nene zilizolazwa kutoka omo hadi tezi juu ya mataruma, na nafasi kati ya mbao hutiwa kalafati ili maji yasipenye. Mashua ya Holt ilijengwa kwa njia nyingine. Juu ya mataruma ililazwa ngozi ya kwanza ya mbao nyembamba za mahogani, ndugu wa mkangazi wetu, zikienda mshazari. Juu yake kikatandazwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mafuta, kisha ngozi ya pili ya mbao ikalazwa mshazari kuelekea upande wa pili, ikiikata ile ya kwanza. Ubao hupasuka kwa kufuata uzi wake. Ufa ulioanza katika ngozi moja hukutana na uzi wa ngozi ya pili uliokingama mbele yake, nao hukoma. Kwa njia hii mbao nyembamba zilipata nguvu ya mbao nene bila ya kuwa na uzito wake. Sehemu ya chini ilivikwa bati la shaba, kwa sababu katika bahari za joto kuna kiumbe mfano wa funza atobokaye mbao kimya kimya mpaka zikawa kama sega la nyuki. Manahodha wa pwani yetu wanamfahamu vema, na ndiyo maana hupandisha vyombo vyao pwani na kuvipaka deheni.

Ndani, mashua iligawanywa katika vyumba sita visivyopitisha maji, hata kimoja kikijaa iendelee kuelea. Ilikuwa na injini mbili za dizeli, mwendo wa maili za bahari 12 kwa saa, na mabaharia wapatao 12. Urefu wake uliwekewa mpaka makusudi, ili iweze kubebwa juu ya sitaha ya meli ya mizigo na kupelekwa bandari yoyote duniani. Tena ilitakiwa iweze kugeuka katika duara dogo kuliko lile la nyambizi iliyozama, kwani mwindaji asiyeweza kukata kona pamoja na mawindo yake hana kazi porini. Kasoro yake iliyolalamikiwa na wote walioipanda ni kwamba bahari ikija ubavuni iliyumba vibaya mno. Chombo kigeukacho haraka si lazima kiwe chombo cha raha.

Kusikia kisichoonekana

Turudi kwenye mawe yetu ya Singidani. Ikiwa masikio hayawezi kutambua upande, dawa yake ni kuacha kungojea mlio na badala yake kuupeleka wewe mwenyewe, katika upande mmoja tu, kisha kusikiliza mwangwi. Chombo kifanyacho hivyo Waingereza walikiita asdiki. Leo watu wengi hukiita sona. Chini ya mashua kulikuwa na vipande vya jiwe la kwatzi. Kwatzi ina tabia ya ajabu, nayo ni kwamba ikipitishiwa umeme unaobadilika hutanuka na kusinyaa upesi sana, na ikitikiswa hutoa umeme. Kwa hiyo kifaa kile kile kilikuwa mdomo na sikio. Kilitoa mlio mfupi mwembamba kama mwanga wa tochi, kikanyamaza, kikasikiliza.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwangwi ukirudi baada ya nukta 2, sauti imesafiri mita 3,000 kwenda na kurudi, basi kitu kilichoirudisha kiko umbali wa mita 1,500. Baharia hodari aliweza pia kutambua, kwa kupanda au kushuka kwa sauti ya mwangwi, kama kitu hicho kinakuja au kinakwenda.

Lakini bahari ina hila zake. Bandarini mwangwi hurudi kutoka kwenye miamba, matumbawe na mabaki ya meli zilizozama, na hata kundi la samaki laweza kumdanganya msikilizaji. Katika bahari zetu za joto kuna tatizo jingine. Jua la mchana hupasha moto maji ya juu, yale ya chini yakabaki baridi. Sauti huenda polepole zaidi katika maji baridi, na kila mara hupinda kuelekea huko iendako polepole. Hivyo mlio uliopelekwa mbele hujipinda ukashuka chini, ukaacha mbele ya mashua eneo lisilofikiwa na sauti, kama kivuli cha mti. Nyambizi iliyo katika kivuli hicho haisikiki, hata ikiwa karibu.

Bomu lipimalo kina

Nyambizi ikishapatikana hupigwa kwa nini? Risasi haiendi mbali majini. Silaha iliyotumika ilikuwa pipa la baruti lenye uzito wa kilo 190 hivi, ambalo liliviringishwa kutoka tezini likazama. Kando ya tezi za mashua za Holt palijengwa ubao mnene uliotokeza nje, ili pipa likianguka lirushwe mbali kidogo na mbao za mashua yenyewe.

Kilicholipua pipa ni uzito wa maji. Kila mita 10 za kina huongeza kani ya maji kwa kiasi sawa na kani ya hewa yote iliyo juu yetu. Maji yaliingia katika kitundu na kusukuma springi. Springi ilipangwa mapema ishindwe katika kina fulani, labda mita 15, labda 30, na iliposhindwa baruti ililipuka. Pipa halikuhitaji kugusa kitu. Likilipuka mita 6 hivi kutoka ubavuni mwa nyambizi lilitosha kuipasua, na likiwa mbali zaidi ya hapo lilitosha kuijeruhi mpaka ilazimike kupanda juu.

Sasa msomaji na apige hesabu nyingine. Pipa huzama takriban mita 3 kwa nukta, basi likipangwa kulipuka katika mita 15 litafika kwa nukta 5. Mashua iendayo maili za bahari 12 kwa saa husogea takriban mita 6 kwa nukta, kwa hiyo katika muda huo itakuwa imekwenda mita 30 tu. Mwindaji amesimama karibu mno na mlipuko wake mwenyewe! Hapa ndipo penye mtihani mkubwa wa mashua ndogo. Nyambizi ndogo huingia bandarini, mahali penye maji ya kina kifupi, na huko mapipa hayana budi kulipuka upesi, ilhali mashua haina mbio za kuyakimbia.

Mambo haya hayakuwa ya karatasini. Usiku wa tarehe 31 Mei, 1942, mara baada ya shambulio la Diego Suarez, nyambizi nyingine tatu za aina ile ile ziliingia bandari ya Sydney, Australia. Ulinzi wa karibu ulikuwa mikononi mwa mashua za mbao za starehe zilizotwaliwa na serikali na kupewa mapipa. Mashua iliyoitwa Lolita iliikuta nyambizi moja imenaswa katika wavu wa bandari, ikadondosha mapipa yake juu yake, lakini hayakulipuka. Maji pale yalikuwa na kina kifupi kuliko kile kilichopangwa katika springi; mapipa yalilala chini ya bahari yakingojea uzito ambao haukuja. Mabaharia wa nyambizi, walipoona hawana njia, walijilipua wenyewe. Asubuhi yake mashua nyingine, Sea Mist, iliiona nyambizi ya pili katika ghuba ndogo ya Taylors. Ilidondosha pipa na kukimbia kwa nguvu zake zote, ikapona. Ilidondosha la pili, na mlipuko ukaharibu injini yake moja. Wenzake Steady Hour na Yarroma waliimalizia kazi, na nyambizi ikapatikana chini ya maji ikiwa imekufa pamoja na watu wake wawili.

Maisha ya mashua moja

Mashua nyingi za Holt hazikuwahi kuona nyambizi hata mara moja. Hilo si aibu kwa mlinzi. Mlango usiovunjwa hauna habari ya kusimulia. Kwa kuwa zilikuwa imara na za gharama ndogo, zilitumwa kila mahali: kusindikiza meli, kuokoa marubani walioanguka baharini, kupeleka majasusi usiku, na katika Burma kupanda mito ya mikoko ambako manowari kubwa zisingeweza kupita.

Namba 1387 ni mfano mzuri. Iliundwa na R. A. Newman na Wanawe huko Poole, kusini mwa Uingereza, ikashushwa majini mwezi Oktoba, 1943. Kazi yake kuu haikuwa ya nyambizi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni, 1944, majeshi ya Washirika yalipovuka kwenda Normandy, mashua hii ilisimama mwanzoni mwa mojawapo ya njia zilizofagiliwa mabomu ya baharini, ikawa alama ya kuwaongoza waliofuata. Mwezi Mei, 1945, ilikuwa Uholanzi wakati wa kusalimu amri kwa Wajerumani. Baada ya vita ilipima vina vya bahari kwa ajili ya ramani, ikapewa jina la Medusa, na hatimaye wapenzi wa vyombo vya kale wakaichukua. Walipoifungua waliona kwamba mbao zimeoza sehemu nyingi, wakazibadilisha kwa kazi ya miaka kadhaa. Iko katika mji wa Gosport, na bado huenda baharini kwa injini zake.

Mpaka wa uwezo wake

Tusije tukaisifu mashua kupita kiasi. Ililinda mlango wa bandari tu. Meli ikishatoka Kilindini na kuuacha mwamba nyuma, mashua ya maili 12 kwa saa haikuweza kuisindikiza kuvuka Bahari ya Hindi. Huko zilihitajiwa manowari za chuma ziendazo mbio, nazo zilikuwa chache.

Mwanzoni mwa Februari, 1944, msafara wa meli tano za askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Katika meli moja, Khedive Ismail, walikuwamo watu 1,511. Wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wetu waliokuwa wakienda kupigana Burma, na pamoja nao wauguzi wa kike. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kufika kwenye ngazi.

Manowari mbili za kusindikiza, Petard na Paladin, ziligeuka. Paladin ilianza kuwaokoa waliokuwa wakielea. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao hao hao, na meli nyingine nne zilizojaa watu zilikuwa bado karibu. Petard ikadondosha mapipa.

Hapana budi tueleze maana ya jambo hilo kwa mwili wa mwanadamu. Mlipuko hewani hudhoofika upesi, kwa sababu hewa hushindilika na kumeza nguvu zake. Maji hayashindiliki kwa urahisi, na nguvu ya mlipuko hupita ndani yake karibu nzima. Nyama ya mwili, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, huipitisha vivyo hivyo bila ya kuumia sana. Inapofika mahali penye hewa, yaani mapafuni na matumboni, ndipo inapopasua. Mtu aweza kuuawa majini na mlipuko usioacha jeraha hata moja juu ya ngozi yake. Baadhi ya waliookoka topido waliuawa namna hii. Nahodha wa Petard aliyajua hayo kabla ya kutoa amri. Alijua pia kwamba nyambizi ikiachwa itazamisha meli ya pili. Mwandishi wa makala haya hana mizani ya kupimia amri ile.

I-27 ililazimika kupanda juu, ikagongwa na Paladin, na mwishowe ikazamishwa kwa topido ya Petard. Katika watu 1,511 wa Khedive Ismail walipona wanaume 208 na wanawake 6. Askari wa kikosi cha 301 hawana makaburi. Wanakumbukwa katika Mnara wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.